Kiongozi wa upinzani na tahadhari kabla ya uchaguzi mkuu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya, kuhusu kiasi gani kiongozi wa upinzani ajihadhari kabla ya kura, yametoka kwa watu: kwenye vikao vya elimu ya uraia Kawangware na Kayole, kwenye benchi za Jeevanjee Gardens ambako siasa huchambuliwa mchana kutwa, na ndani ya matatu foleni ikikaza Jogoo Road. Mengine nimeulizwa mara nyingi kiasi kwamba namtambua muulizaji kabla hajamaliza sentensi. Nimeanza na ya msingi, yale magumu nikayaweka mwisho. Majibu ni yangu, na sikuficha ninapoegemea.

## Mambo ya msingi

Kwani "kiongozi wa upinzani" Kenya ni nani hasa?

Kisheria cheo hicho hakipo kwa namna watu wengi wanavyodhani. Katiba ya 2010 inamtambua kiongozi wa walio wachache katika Bunge la Kitaifa, basi. Uingereza kiongozi wa upinzani ana kiti bungeni, mshahara wa cheo hicho na nafasi ya kumhoji Waziri Mkuu kila wiki. Hapa kwetu anayegombea urais hagombei kiti kingine, hivyo akishindwa anabaki nje ya Bunge. Ndivyo ilivyokuwa kwa Raila Odinga baada ya 2013.

Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Mtu asiye na kiti hana mahali rasmi pa kusemea. Anachomiliki ni sauti yake tu, kwenye jukwaa, redioni, makanisani na mazishini. Ukimwambia anyamaze hadi kura ipigwe, umemnyang'anya chombo pekee alichonacho.

Tahadhari ni nini, na woga ni nini?

Chukua swali la hati miliki za mashamba. Kiongozi mmoja anaulizwa mbele ya umati, anajibu: "Sina takwimu hizo leo. Nipeni hadi Ijumaa." Ijumaa anarudi na jibu. Mwingine anasema, "Hilo tutaliangalia tukishaingia," kisha anaomba muziki upigwe. Wa kwanza amechukua tahadhari, wa pili ameogopa.

Katika majibu yote yanayofuata nashikilia jambo moja: kiongozi achunge ulimi wake, hesabu zake na mwili wake. Msimamo wake asiufiche.

Mbona tunajadili haya mapema hivi?

Kwa sababu tarehe inajulikana. Katiba inasema Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, yaani 10 Agosti 2027. Anayengoja kampeni zifunguliwe rasmi ndipo aanze kupima maneno yake atakuta simu za watu zimeshajaa video zake.

## Yanayosemwa jukwaani

Mtu akiongoza katika utafiti wa maoni, si heri anyamaze tu asiharibu?

Hoja hii ina wazee wake. Kabla ya uchaguzi wa Uingereza wa 1997, mwanasiasa mkongwe Roy Jenkins alimfananisha Tony Blair na mtu aliyebeba chombo cha kale cha kauri ya Kichina, cha thamani isiyo kifani, akivuka nacho sakafu inayoteleza. Kazi yake ilikuwa moja: asikidondoshe. Blair akavuka, chama chake cha Labour kikapata viti 418 kati ya 659.

Wanaonukuu mfano huo husahau kwamba Blair hakunyamaza. Alikuwa na ahadi tano zilizochapishwa kwenye kadi ya kutia mfukoni, mojawapo ikiwa kwamba watoto wa miaka mitano hadi saba hawatazidi 30 darasani. Alipunguza maneno, lakini yaliyobaki yangeweza kuhesabiwa.

Mwaka 2024 Keir Starmer alibeba chombo hichohicho kwa uangalifu zaidi. Aliahidi kutopandisha kodi ya mapato, michango ya bima ya taifa wala kodi ya ongezeko la thamani. Akashinda kwa viti 411, ingawa kura zake zilikuwa karibu asilimia 34 tu. Karibu miezi minne baadaye bajeti yake ya kwanza ikaongeza kodi kwa takriban pauni bilioni 40, sehemu kubwa ikitoka kwenye michango ya bima inayolipwa na waajiri. Ubishi ukazuka kama ahadi imevunjwa au la, na umaarufu wa serikali ukaporomoka mapema mno. Alichokwepa kusema kabla ya kura alikilipia baadaye, tena kwa riba.

Isitoshe, hesabu ya Kenya ni nyingine. Kule asilimia 34 inaweza kukupa Bunge zima. Hapa mgombea urais anahitaji zaidi ya nusu ya kura zote na angalau asilimia 25 katika kaunti 24. Mwaka 2022 William Ruto alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.49 dhidi ya 48.85 za Raila, tofauti ya kura 233,211. Mwaka huohuo karibu watu milioni 8 waliojiandikisha hawakupiga kura. Kiongozi aliyenyamaza hamtoi mtu kitandani saa kumi na moja alfajiri akapange foleni kwenye baridi ya Agosti.

Akianika sera zake zote mapema, wapinzani wake si watamchapa nazo?

Watamchapa, na wakati mwingine atashindwa. Sitadanganya hapo.

Australia, 1993: John Hewson, kiongozi wa upinzani, alikuwa na kitabu cha sera cha kurasa zaidi ya 600, na ndani yake kodi mpya ya asilimia 15 kwa bidhaa na huduma. Siku kumi kabla ya kura, mtangazaji wa runinga akamuuliza swali la kitoto: keki ya siku ya kuzaliwa itapanda bei au itashuka? Hewson, mtaalamu wa uchumi, akaanza kueleza kwamba inategemea kama keki imepambwa, kama ina mishumaa, kama viungo vyake vinatozwa kodi ya sasa. Alikuwa akisema kweli, lakini maelezo hayakuisha. Uchaguzi ambao wengi waliamini hauwezi kumponyoka ukamponyoka.

Hapa nyumbani tuna majimbo. Mwaka 2007 upande wa ODM, chama cha Raila, ulitetea ugatuzi wa madaraka kwa jina hilo, na wapinzani wao wakaligeuza kuwa tishio: kwamba majimbo maana yake ni watu kufukuzwa walikohamia. Woga huo ulikuwa na mizizi ya kweli kwa waliokumbuka fujo za Bonde la Ufa za miaka ya tisini. Lakini tazama kilichofuata. Katiba iliyopitishwa katika kura ya maamuzi ya 4 Agosti 2010 ilileta kaunti 47, na leo sijui mwanasiasa anayeweza kusimama Turkana au Kilifi akasema kaunti zivunjwe. Sera iliyomgharimu mtu kura ndiyo tunayoishi ndani yake.

Kwa hiyo: aiseme sera, lakini kwanza ajue bei ya keki.

Kauli moja tu inaweza kweli kumwangusha mgombea?

Kumwangusha peke yake, sidhani. Kumpunguzia, naam, na katika uchaguzi wa tofauti ndogo kupunguziwa kunatosha.

Mnamo 6 Juni 2022, Azimio, muungano wa Raila, walipozindua manifesto yao uwanjani Nyayo, Raila alizungumzia kufufua viwanda vya nguo vya humu nchini. Hoja ya maana kabisa. Ila alipogusia mitumba alisema ni nguo za watu waliokufa huko ng'ambo. Siku zilizofuata ilimbidi aeleze kwamba hakusudii kuwafukuza wauzaji.

Nilikuwa Gikomba wiki hiyo. Mama mmoja anayeuza suruali za watoto alikuwa anakata kamba za robota kwa kisu kidogo, anatoa nguo moja moja, anaikung'uta, anaipeleka kwenye rundo lake: "kamera" huku, za daraja la pili kule, na zile za kufanyia matambara chini ya meza. Bila kuinua macho akaniambia, "Hizi ndizo zimesomesha wanangu wawili hadi chuo. Leo naambiwa ni za maiti." Hakuwa na ugomvi wowote na viwanda vya nguo. Angeambiwa kwanza kibanda chake kitakuwa wapi kiwanda kikifunguliwa, angesikiliza yaliyobaki.

Tahadhari niionayo hapo ni ya mpangilio. Anza na mtu atakayeguswa, ndipo uende kwenye mpango. Sera ingebaki ileile.

Ajibu vipi akiulizwa kuhusu kodi ya nyumba na makato ya SHA, yaani bima ya afya?

Ajibu kwa namba. Makato ya nyumba ni asilimia 1.5 ya mshahara, na ya bima ya afya ni asilimia 2.75. Kila mwenye hati ya mshahara huyaona kila mwisho wa mwezi. Akisema "nitafuta", aseme na kitakachoziba pengo. Akisema "nitabakiza", aseme ni kitu gani mlipaji atakiona. Akisema atalitazama upya, ataje tarehe. Jibu la "tutawaondolea wananchi mzigo" halina kazi yoyote. Nimelisikia kutoka pande zote za siasa.

Ahudhurie mdahalo wa wagombea urais?

Mwaka 2017 Uhuru Kenyatta hakutokea, Raila akajibu maswali peke yake. Mwaka 2022 Raila hakutokea, Ruto akajibu peke yake. Mmoja alisusia akatangazwa mshindi, matokeo yakafutwa na Mahakama ya Upeo, akashinda marudio ambayo mpinzani wake alijiondoa. Mwingine alisusia akashindwa. Huwezi kutoa kanuni humo. Nionavyo mimi, anayeomba kazi aende kwenye usaili.

## Muungano na majina

Jina la mgombea mmoja wa upinzani litangazwe lini?

Hapa ndipo tahadhari imeua upinzani wa Kenya mara nyingi kuliko ujasiri. Mwaka 1992 chama cha upinzani cha FORD kiligawanyika, Jaramogi Oginga Odinga upande huu na Kenneth Matiba ule, huku Mwai Kibaki akiwa na chama chake cha DP. Daniel arap Moi akashinda kwa takriban asilimia 36. Mwaka 1997 wakagawanyika tena, Moi akapita kwa asilimia 40 hivi. Kila kinara alikuwa akimngoja mwenzake aonyeshe karata kwanza.

Mwaka 2002 mambo yakageuka. Tarehe 14 Oktoba, Uhuru Park, mbele ya umati uliojaza mteremko hadi barabarani, Raila alitamka maneno mawili: "Kibaki tosha." Zilikuwa zimebaki wiki kumi na kidogo. Kibaki alipata takriban asilimia 62.

Wanaotaka jina lichelewe husema likitajwa mapema litapigwa mawe, au vinara wengine watanunuliwa. Yote mawili hutokea. Lakini kuchelewa nako kuna sumu yake, kwa sababu makubaliano hufanywa usiku, kwa haraka, bila wananchi kuyaona. Mkataba wa NARC, muungano huo wa 2002, ulizua malalamiko kwamba haukuheshimiwa baada ya ushindi, na ufa huo ukaonekana wazi katika kura ya maamuzi ya Novemba 2005, waliokuwa jukwaa moja walipogawanyika kati ya ndizi, alama ya "ndiyo", na chungwa, alama ya "la". Ningependa kusikia vinara wakibishana kidogo kuhusu tarehe na zaidi kuhusu kuchapisha mkataba wenyewe.

Kushirikiana na serikali kabla ya uchaguzi ni tahadhari au ni kujisalimisha?

Inategemea kilichopatikana, na nani anaweza kukikagua. Tarehe 9 Machi 2018 Uhuru na Raila walipeana mkono kwenye ngazi za Harambee House, na joto la 2017 likashuka. Wafanyabiashara wengi wa katikati ya jiji walishukuru, nami nilishukuru. Lakini aliyekuwa sauti ya wanaolalamika akaingia 2022 akiungwa mkono na rais anayeondoka, huku naibu wa rais huyohuyo akijinadi kama mtetezi wa mahasla. Viti vya lawama vilibadilishana.

Julai 2024 wanasiasa wa ODM waliteuliwa mawaziri, na tarehe 7 Machi 2025 Ruto na Raila wakatia saini makubaliano ya kushirikiana katika ukumbi wa KICC, Nairobi. Raila alifariki dunia 15 Oktoba 2025 nchini India, akawaachia wafuasi wake swali hilihili bila yeye wa kulijibu. Ninayemhurumia ni mpiga kura wa Kibra au Mathare anayetaka kukasirikia bei ya unga na hajui amkasirikie nani. Upinzani ukiingia serikalini, uache nje mtu mwenye mamlaka ya kuuliza.

## Barabara, sheria na usalama

Aongoze maandamano au akae mbali?

Tarehe 25 Juni 2024 vijana waliingia Bunge wakipinga Mswada wa Fedha, na kesho yake rais akasema hatautia saini. Hawakuwa na kiongozi wa chama mbele yao, na hawakumtaka. Makumi ya watu waliuawa katika maandamano ya miezi hiyo. Mwanasiasa anayewaza kura asijaribu kupanda juu ya mabega yao. Anachoweza kufanya ni kutuma mawakili kwenye vituo vya polisi, kwenda kwa familia zilizofiwa bila kamera, na kusema waziwazi anaupinga au anauunga mkono mswada gani na kwa kifungu kipi.

Sheria inamzuia kusema nini?

Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inaadhibu matamshi ya chuki ya kikabila kwa faini isiyozidi shilingi milioni 1, kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Ilitungwa baada ya ghasia zilizoua zaidi ya watu 1,100. Hapa sina la kupima pande mbili. Lugha ya "madoadoa" na "wageni", inayowalenga watu wa kabila jingine, haina nafasi jukwaani hata umati ukiishangilia, na kiongozi anawajibika pia kwa msanii na mpambe aliyempa kipaza sauti.

Tahadhari ya usalama wa mwili ni ya kweli au ni kisingizio cha kujificha?

Ni ya kweli. Ukipita Moi Avenue utaiona sanamu ya Tom Mboya. Alipigwa risasi barabara hiyohiyo tarehe 5 Julai 1969, akitoka duka la dawa mchana. Mbunge J. M. Kariuki aliuawa Machi 1975. Matiba alikamatwa siku chache kabla ya Saba Saba ya 1990, mkutano wa kudai vyama vingi, akapata kiharusi akiwa kizuizini na hakupona sawasawa. Novemba 2024 mpinzani wa Uganda Kizza Besigye alichukuliwa hapahapa Nairobi, akaibukia mahakama ya kijeshi Kampala.

Kwa hiyo msafara upangwe, njia zibadilishwe, watu wajue yuko wapi. Hakuna aibu. Lakini mfano wa Hakainde Hichilema wa Zambia unafaa kukumbukwa pia: mwaka 2017 alishtakiwa kwa uhaini baada ya msafara wake kukutana na wa rais, akakaa ndani takriban miezi minne. Agosti 2021, akigombea mara ya sita, akashinda.

Na serikali ikiwa imeshaamua kumzuia, tahadhari itamfaa nini?

Haitamfaa sana. Tundu Lissu wa Tanzania alikamatwa Aprili 2025 na kushtakiwa kwa uhaini alipokuwa akidai mageuzi ya uchaguzi, na chama chake hakikushiriki kura ya Oktoba. Maneno laini yasingebadilisha mengi. Kwa hali kama hiyo swali la ukurasa huu halimhusu tena mgombea. Linawahusu majaji na majirani.

## Hali zisizo za kawaida

Mgombea akiugua au kuumia katikati ya kampeni?

Aseme mapema, na wenzake waendelee. Tarehe 3 Desemba 2002 Kibaki aliumia katika ajali ya gari, akapelekwa London kwa matibabu. Raila, Michael Kijana Wamalwa, Charity Ngilu na wengine wakazunguka nchi kwa niaba yake. Aliapishwa Uhuru Park akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Kama muungano ungekuwa umejengwa juu ya mtu mmoja, ungelala hospitalini naye.

Mgombea urais au mgombea mwenza akifariki kabla ya kura au siku yenyewe, Katiba inasema uchaguzi wa urais ufutwe na mwingine ufanyike ndani ya siku 60 tangu tarehe iliyokuwa imepangwa.

Akiamini atashinda, kuna lolote la kuogopa siku ya kura?

Aogope chumba kisicho na wakala wake. Mwaka 2022 kulikuwa na vituo 46,229, na kila kimoja hujaza Fomu 34A yake, yaani fomu ya matokeo ya urais. Anayepinga matokeo ana siku 7 za kufika Mahakama ya Upeo, nayo ina siku 14 za kuamua. Muda huo haumtoshi mtu anayeanza kutafuta karatasi.

Usiku wa 9 Agosti 2022 nilikuwa kwenye shule moja ya msingi Kayole. Fomu ilibandikwa mlangoni mwa darasa kwa gundi ambayo haijakauka, kona moja ikining'inia. Wakala wa muungano mmoja hakuwepo kutia saini. Alikuwa pale tangu alfajiri, hakuletewa chakula wala nauli, saa kumi jioni akaenda kwake. Nilipiga picha kwa tochi ya simu, mara tatu, kwa sababu mkono wa aliyeishika kona ulikuwa unafunika idadi ya kura zilizoharibika. Asubuhi yake wakala yule alinipigia, sauti ya chini, akiuliza kama ninaweza kumtumia.